Kikao Ambacho Hakuna Aliyekaa

MAMA KYANDO: Haloo, nani mwenzangu? Hii namba siijui.

MWALIMU MGAYA: Kamwene, mama mwenyekiti. Ni mimi.

MAMA KYANDO: Mimi nani? Huku shambani kila mtu ni mimi.

MWALIMU MGAYA: Mgaya. Mwalimu mkuu wako. Shikamoo.

MAMA KYANDO: Marahaba. Umebadilisha namba?

MWALIMU MGAYA: Hii simu ya mwalimu wa zamu. Ya kwangu nimekupigia tangu asubuhi, inaita tu hupokei.

MAMA KYANDO: Niliiona ikiita.

MWALIMU MGAYA: Sawa. Viazi vinaendeleaje?

MAMA KYANDO: Vinachimbwa. Hukuazima simu ya mtu uulize viazi.

MWALIMU MGAYA: Mama nawe. Ni ile karatasi niliyokuletea jana, muhtasari wa kikao cha kamati ya shule. Nataka sahihi yako na ule muhuri wa kamati, basi. Wageni wa wilayani wanafika saa nane, na kitu cha kwanza watakachouliza—

MAMA KYANDO: Kikao kipi?

MWALIMU MGAYA: Cha tarehe kumi na mbili.

MAMA KYANDO: Tarehe kumi na mbili nilikuwa Makambako, namuuguza dada yangu.

MWALIMU MGAYA: Najua, mama, ila kwenye karatasi—

MAMA KYANDO: Kwenye karatasi nilikuwa shuleni. Tena nikatoa na hotuba. "Mwenyekiti alimpongeza mwalimu mkuu kwa uongozi wake uliotukuka." Uliotukuka, Mwalimu. Neno hilo hata kanisani silitumii.

MWALIMU MGAYA: Ni lugha ya ofisi tu.

MAMA KYANDO: Na Mzee Mahenge akafunga kikao kwa sala.

MWALIMU MGAYA: Ndiyo kawaida yake, yeye huwa—

MAMA KYANDO: Mzee Mahenge tulimzika Februari. Wewe mwenyewe ulikula wali wa msiba sahani mbili.

[mtandao unakwaruza]

MWALIMU MGAYA: Haloo? Hapo... nilichukua muhtasari wa mwaka jana nikabadilisha tarehe. Nikasahau kumtoa.

MAMA KYANDO: Marehemu ulisahau kumtoa. Watoto kumi na mmoja hukusahau.

MWALIMU MGAYA: Hilo la watoto tulishaongea.

MAMA KYANDO: Uliongea na nani? Mimi limenikuta ukurasa wa pili. Eti wazazi wameridhia kwa kauli moja watoto kumi na mmoja wa darasa la saba wasifanye mtihani mwaka huu, warudishwe la sita, kwa kuwa hawamudu kusoma wala kuandika. Mzazi gani karidhia? Nitajie mmoja.

MWALIMU MGAYA: Wataridhia. Ni kwa faida yao—

MAMA KYANDO: Mwaka juzi ulirudisha wanne. Wako wapi?

MWALIMU MGAYA: Mmoja alikuwa—

MAMA KYANDO: Wawili wanabeba mbao. Mmoja kaolewa. Wa nne hata mama yake hajui aliko. Hakuna aliyekanyaga hilo la sita lako hata siku moja.

MWALIMU MGAYA: Sasa hilo si kosa la shule.

MAMA KYANDO: La nani, la viazi?

MWALIMU MGAYA: Mama, nisikilize. Wewe hukuwepo ile siku ya tathmini ya elimu. Kata nzima imekaa. Naitwa mbele kwa shule yetu kushika mkia kwenye mtihani, mtu mzima na tai yangu, nakabidhiwa kinyago. Kina meno nje. Watu wanapiga makofi, wengine wanapiga picha. Naambiwa kikae mezani kwangu mwaka mzima, mpaka apatikane wa mkia mwingine nimkabidhi. Unajua ilivyo, kunywa chai kila siku na kitu kile kinakutazama?

MAMA KYANDO: Kinyago ulichokichonga mwenyewe kinakutishaje?

MWALIMU MGAYA: Sikukichonga mimi. Nina walimu wanne. Wanne, kwa watoto mia tatu na sitini. Kila mwaka naomba walimu, naletewa fomu nijaze.

MAMA KYANDO: Hilo ni kweli. Mbona kwenye muhtasari halimo?

MWALIMU MGAYA: Ukiandika hivyo unaonekana mlalamishi. Wilayani wanataka wastani. Wale kumi na mmoja ndio wanatuvuta chini, ukiwatoa tu, wastani unapanda wenyewe.

MAMA KYANDO: Bila mtu kufundishwa chochote.

MWALIMU MGAYA: Unapanda, mama. Hiyo ndiyo hesabu.

MAMA KYANDO: Basi toa wote. Bakisha mmoja anayejua, shule iwe ya kwanza kitaifa.

MWALIMU MGAYA: Usinikejeli bwana. Kwanza mjukuu wako nimemwacha afanye mtihani, kwa heshima yako, ingawa—

MAMA KYANDO: Ingawa nini?

MWALIMU MGAYA: Ingawa hisabati yake... tuyaache.

MAMA KYANDO: Ahaa. Kwa hiyo walioandikwa ni wale wasio na bibi mwenye muhuri.

MWALIMU MGAYA: Sikusema hivyo.

MAMA KYANDO: Umesema. Uongozi uliotukuka huo.

[mtandao unakwaruza]

MWALIMU MGAYA: —naona leo umeamka kuwa mkaguzi. Miaka minne nakuletea karatasi unapiga muhuri bila neno, unanikaribisha na togwa. Leo ndiyo umeanza kusoma?

MAMA KYANDO: Umenigusa penyewe, wala sikatai. Wale wanne wa mwaka juzi niliwagongea muhuri mimi, kwa mkono wangu huu. Sikuuliza. Nilikuwa nasikia raha tu kuitwa mwenyekiti. Naona aibu, Mwalimu, sijui wewe.

MWALIMU MGAYA: Yameshapita hayo.

MAMA KYANDO: Na hata leo sikusoma. Macho yangu unayajua, yana ukungu, ndiyo maana unapenda kuniletea mimi karatasi. Nimesomewa.

MWALIMU MGAYA: Nani kakusomea? Mama, ule ni waraka wa ofisi, huwezi kumpa mtu—

MAMA KYANDO: Anyesi.

MWALIMU MGAYA: Anyesi yupi?

MAMA KYANDO: Anyesi Sanga. Namba saba kwenye orodha yako.

MWALIMU MGAYA: Sanga wa la saba?

MAMA KYANDO: Huyo huyo. Alikuwa anachimba mstari wa jirani, nikamwita. Akaenda kunawa mikono kwanza asichafue karatasi. Ukurasa wa kwanza kautiririsha wote. Wa pili akaanza majina, la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la saba akanyamaza. Mimi nikadhani limemshinda. Nikamwambia, neno likikushinda ruka, mwanangu. Akaniambia, "Halijanishinda, bibi." Akalisoma jina lake. Akasoma na pale mbele ya jina, kwamba hamudu kusoma. Akaenda mpaka chini kwenye sahihi yako.

MWALIMU MGAYA: Sikujua kama anasoma hivyo.

MAMA KYANDO: Miaka saba unaita jina lake asubuhi.

MWALIMU MGAYA: Nilitumia alama za majaribio. Yeye ana sifuri nyingi, huwa hayupo siku za—

MAMA KYANDO: Anachimba viazi vya watu. Hukuuliza.

MWALIMU MGAYA: Basi namtoa. Namfuta sasa hivi, wanabaki kumi, unagonga muhuri tunamaliza. Mama, ni saa saba na nusu hii.

MAMA KYANDO: Hao kumi umemsikiliza yupi akisoma? Hata mmoja?

MWALIMU MGAYA: Sina muda wa kukaa na mmoja mmoja, nina walimu wanne—

MAMA KYANDO: Waambie hivyo wageni. Muhuri hauji.

MWALIMU MGAYA: Mama mwenyekiti, usinifanyie hivi. Haya, mpe simu Anyesi niongee naye. Haraka, salio la mwenye simu linakwisha.

MAMA KYANDO: Umwambie nini? Kama ni pole, nitamfikishia.

MWALIMU MGAYA: Nimwambie... asiwatangazie wenzake.

MAMA KYANDO: Mungu wangu. Mtoto umemwandika mjinga, na neno la kwanza la kumwambia ni anyamaze.

MWALIMU MGAYA: Sikumaanisha—

MAMA KYANDO: Umechelewa. Aliondoka hapa saa sita na karatasi yako, kuwapitia wenzake kumi nyumba kwa nyumba. Wanakuja huko.

MWALIMU MGAYA: Kufanya nini?

MAMA KYANDO: Kusoma mbele ya wageni. Anayejua atasoma. Asiyejua atasimama, wageni waulize wenyewe kwa nini hajui. Mimi nami nakuja, miguu tu ndiyo mizito.

MWALIMU MGAYA: Wasimamishe, mama. Watanivua cheo mbele ya—

MAMA KYANDO: Siwasimamishi.

[mtandao unakwaruza]

MWALIMU MGAYA: Haloo... wameshaingia uwanjani. Nawaona. Wamevaa sare wote. Gari la wilaya nalo linapanda huku. Mama, anakuja mlangoni kwangu, huyo Anyesi. Anasema shikamoo mwalimu. Nifanye nini?

MAMA KYANDO: Mwitikie, Mwalimu. Halafu mpe kiti, asome—

[Simu inakatika.]