Mtoto Amalize Mwenyewe: Risala ya Wazazi na Walezi wa Chumba cha Kusemea, Bariadi

Mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, walimu wetu, na ninyi wanafunzi mliokaa juani: mwangaluka!

Sisi ni wazazi na walezi wa watoto wenye shida ya kusema. Aliyepewa kazi ya kusoma ni mimi, Bujiku, babu yake Minza wa darasa la nne. Ukisikia sentensi imepinda ujue ni yangu, maana darasa la pili nilisoma Zagayu, la nne Nassa, mengine nimeyaokota juu ya malori ya pamba. Lakini maneno yenyewe ni yetu sote.

KARIBU KWETU

Karibu Bariadi, karibu shuleni. Umeonyeshwa madarasa mapya na vyoo, na ni vizuri kweli. Chumba chetu hukuonyeshwa kwa sababu kipo nyuma ya jiko na mlango wake ni mfupi. Zamani kilikuwa stoo ya majembe. Watoto wanakiita Chumba cha Kusemea. Ukiinama kidogo utaingia. Wakubwa wengine wameshainama.

TULIKOTOKA

Kabla ya Madam Specioza kuletwa hapa, mtoto asiyesema vizuri alikuwa na sehemu mbili tu: dawati la nyuma au machungani. Wengine tulisema ni mizimu, wengine tuliwakata vimeo, wengine tulisali. Madam ni mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha, mzaliwa wa Bukoba. Alipofika hakuuliza nani kamroga nani. Aliuliza, "Nyumbani mnaongeaje naye?"

Swali hilo lilituudhi. Tuongeeje tena? Tunaongea naye kwa huruma. Mheshimiwa, kwetu mtoto wa kike hupiga goti akimwamkia mkubwa, na mkubwa mwenye utu hamwachi mtoto gotini. Sasa Minza ana kigugumizi. Akianza, "Mwa... mwa... mwa...", sisi tunawahi kumwitikia, "Mhola, mhola, inuka mayu," aende zake. Mpaka anaingia darasa la tatu, mtoto yule alikuwa hajamaliza salamu hata moja, na waliomkatiza ni sisi tunaompenda.

Madam akasema tusimmalizie. Tungoje, tumtazame usoni, tusimwambie "pole pole", tusimtajie neno. Mama Milembe, mzazi mwenzetu, akasimama kikaoni.

"Makubwa haya! Tumeleta watoto wafundishwe kusema, huyu anatufundisha sisi kunyamaza. Na mtoto akae gotini mpaka jua lizame?"

Watu wakacheka. Madam alilielewa swali, maana hata kwao Bukoba wanapiga goti. Akavuta kigoda cha mpishi, akaketi mbele ya Minza, macho kwa macho.

"Mtoto yuko chini na mimi niko chini," akasema. "Haraka ya nini?"

Minza akaanza. Akakwama, akakwama tena, akamaliza. Mama Milembe, na mdomo wake wote ule, akageukia ukutani kufuta macho kwa kanga.

Tangu hapo kila nyumba yetu ina kigoda cha kusalimiwa.

TULIYOYAPATA

Tunayo ya kujivunia, na hatutayasema kwa kunong'ona. Mtoto wa Sylvester alikuwa akiitwa zuzu. Madam akashuku masikio, akamtuma hospitali, usaha ukatibiwa. Leo anamjibu baba yake mpaka baba anaomba apumzike.

Wapo waliotoka machungani tukadhani ni mabubu. Madam hajui Kisukuma, kwa hiyo akamwita bibi Nyamizi aje azungumze nao. Wakabwabwaja kama chiriku! Madam akasema, "Hawa hawaumwi. Wamekutana na Kiswahili juzi." Wakarudi darasani, na mwalimu wao akaelekezwa namna ya kuwapokea.

Na Minza anasoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kigugumizi kipo, na Madam hajawahi kutudanganya kwamba kitaondoka chote. Lakini mkono anaunyoosha. Hata mimi babu yake nikimdandia neno ananiambia, "Guku, sijamaliza." Nanyamaza.

YANAYOTUBANA

Moshi wa jiko unaingia chumbani, na mashine ya kusaga inanguruma upande wa pili wa ukuta, wakati kazi yenyewe ni ya kusikilizana. Madam ni mmoja. Anapanda bodaboda kwenda Zagayu, anapanda gari kwenda Lamadi, na mtoto wa Lamadi akimwona leo hajui atamwona lini tena. Haya tunapambana nayo. Matofali ya chumba kipya tumeshaanza kufyatua.

Moja hatuliwezi. Tumesikia Madam anahamishwa mwezi ujao kwenda mkoa mwingine. Hatusemi huko hakuna watoto. Wapo, na walezi wao wanalia kama sisi.

TUNACHOKUOMBA

Hatuombi akae milele. Mwalimu Fredrick na Mwalimu Gloria wameanza kujifunza kazi yake, ila bado ni pamba ya majani mawili, na hakuna mkulima wa hapa anayelihama shamba likiwa hivyo. Tuachie Madam mpaka mwisho wa mwaka ujao. Wakikomaa, tutamsindikiza wenyewe, na ng'ombe juu. Kama lazima uchague, usitupe hata bati moja. Tupe Madam.

Mheshimiwa, Minza naye ana neno lake. Tulitaka kuliandika humu, akakataa. Atakuja mbele, atapiga goti, atakuamkia, kisha atakuomba kwa kinywa chake. Tunakusihi ushuke jukwaani. Kigoda kile pale tumekuwekea wewe. Atakwama. Usimtajie neno, wala mtu asipige makofi kumwokoa. Mtazame tu. Sisi wengine kunyamaza tumeshafundishwa, na tumefuzu.

Mungu akujalie afya na masikio ya subira, na mvua ikukute umeshapanda. Wabeja sana.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Chumba cha Kusemea, Bariadi.

Sisi tumemaliza. Njoo, Minza.