Fundi wa Nyuma ya Pazia

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe kaka mkubwa zima hiyo redio, na wewe kitindamimba wangu leta kiti chako cha magurudumu hapa ubavuni, maana haya ya leo nayasema mara moja na pumzi yangu haina akiba.

Wahenga wamesema mkono mmoja haulei mwana, nami niliwalea wawili kwa huu mmoja, kwa hiyo wahenga nao tuwasamehe. Ule mwingine uliliwa na mashine ya kiwanda cha nguo, mnajua, nikaanza kupokea pensheni ya ulemavu, nikakaa. Kukaa kule kuliniuma kuliko mkono. Siku moja feni ya chumba hiki ikagoma, nami nikashikwa na hamu ya kujua kilichomo ndani, nikaibana kwa magoti, nikaifungua kwa ncha ya kisu cha mboga huku skrubu nimezishika kwa midomo, na ilipozunguka tena nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mpaka leo najiuliza, huu mkono uliobaki ulijifunzia wapi?

Mjomba wenu aliposikia alikuja mbio, akasema wakiniona nafanya kazi watakata pensheni na watoto watalala njaa. Yeye hakuuliza mtu, nami sikuuliza, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tukatundika pazia. Mimi nikawa natengeneza feni za mtaa mzima nyuma yake, yeye anazipokea mlangoni na kuzirudisha, hata mtaa ukamwita Fundi, mtu asiyejua skrubu hukazwa upande gani. Akisimamishwa njiani aeleze feni ya mtu inaumwa nini, anakunja uso na kusema imeingiwa na upepo. Nanyi mlimwita Fundi, hilo likanichoma, nikamwekea kinyongo miaka mingi.

Kisha akaja mkaguzi wa pensheni bila hodi ya mapema. Mjomba wenu akanitupa kitandani, akanifunika blanketi hadi kidevuni, mchana wa jua kali, na skrubu bado zimo kinywani. Yule mama mkaguzi akaniuliza hali, nikamkodolea macho tu. Mjomba wenu akanijibia kwa huzuni, "Siku hizi hata ulimi umepooza." Mkaguzi akashangaa mashine ya nguo inafikaje kwenye ulimi, nami kicheko kikanishinda, skrubu zikamwagika juu ya mto wa kulalia.

Mjomba wenu akaanza kuomba radhi. Mimi udadisi ukaizidi hofu, nikamuuliza, "Nikifanya kazi, mtanifanya nini?"

"Kazi hatukukatazi, mama, mradi utuambie unachopata," akasema mkaguzi. "Kikipita kiwango, pensheni inapungua. Kazi ikikushinda, unarudi kutuambia."

Sikuridhika na kinywa kimoja. Nikapanda basi hadi ofisini kwao, nikauliza tena dirishani, nikajibiwa yaleyale, nikarudi nikaling'oa pazia. Mficha uchi hazai, wanangu.

Kitindamimba, tangu uteleze kwenye ngazi za ile hoteli ulikokuwa ukipiga pasi, pensheni yako inakuja nawe unakaa barazani ukitazama nani kapita. Mshonaji wa jirani alikuomba umsaidie kukata vitambaa ukakataa, na kaka yako akakuunga mkono, akasema usichokoze nyuki. Anakupenda, simlaumu, mjomba wenu naye alinipenda. Lakini nimekuona ukinitazama nikiwa kazini, shingo umeinyosha kama kuku aliyesikia kitu, na mtu atazamaye hivyo hamu yake haijafa. Naogopa kukuacha umekaa. Hilo ndilo linaloninyima kufa vizuri.

Basi shikeni. Nyumba ni yenu wote wawili, isiuzwe. Redio achukue kaka. Chumba cha mbele, meza yangu na bisibisi zote ni za kitindamimba, na asije mtu kusema mtoto wa kike mwenye magurudumu ataifanyia nini bisibisi, kwani mama yake alikuwa nani? Feni ya mwoka mikate iko mezani imefunguliwa, hilo ndilo deni langu, asirudishiwe vipandevipande. Mjomba wenu nimemsamehe. Siku ya mazishi yangu mwiteni Fundi mbele za watu, moyo wake ufurahi. Na wewe kaka, mpeleke mdogo wako ofisi ya pensheni, msukume hadi dirishani, kisha rudi nyuma unyamaze. Sheria za enzi zangu huenda zimebadilika, kwa hiyo aulize mwenyewe, kwa kinywa chake.

Nipeni maji kidogo... Yatosha.

Mungu awape riziki ya kuliwa mlango wazi. Awape afya, na mpendane, msigombanie kijiko. Huko niendako sijui kukoje, na siwafichi, nina hamu ya kuona... kidogo.

Kitindamimba, utakwenda? Usiitikie kwa kichwa, macho yangu yamechoka. Sema.

Ehe? Sema tena, mama, sikio nalo linaniacha... "Na nikishindwa?"

Hilo... hilohilo, mwanangu. Lipeleke hivyohivyo, kawaulize hilo kwanza.

Kaka, umesikia? Ameuliza.