Mzee Hatulii na Pipa Lake la Labda

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Hatulii, alizaliwa Alhamisi tarehe 11 Septemba 1952, katikati ya mavuno ya zabibu. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa, mama yake mchuma zabibu. Mama alisimulia hadi uzeeni kwamba hajajaza hata kapu la pili uchungu ukamshika. Mtoto alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, na tangu hapo hakuna aliyefanikiwa kumwambia asubiri.

Alianza shule mwaka 1959, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970. Katika ripoti ya darasa la tano mwalimu wa hesabu aliandika: "Akili anazo. Kiti ndicho kinachomshinda." Jina la Hatulii lilianzia hapo, naye alilipokea bila kinyongo.

Februari 1972 aliajiriwa kuosha mapipa katika kiwanda cha mvinyo, na mwaka 1981 akawa mchanganyaji mkuu. Kwa wasioijua kazi hiyo: mvinyo wetu mwekundu hautoki shamba moja. Bonde la chini lina joto, zabibu zake huiva mapema zikiwa zimejaa sukari, na mvinyo wake una nguvu ya kumlaza mtu mzima. Mteremko wa juu una baridi. Huko zabibu huchelewa, zikabaki na uchachu unaochangamsha ulimi. Kando ya ziwa upepo haukomi, kwa hiyo zabibu hufunga ngozi nene na mvinyo hutoka mweusi, wa kukaza kinywa. Kazi yake ilikuwa kuzipatanisha hizo tatu, na hakuna miaka miwili zilizopatana kwa masharti yale yale.

Mwaka 1994 alikosea. Joto lilipita kiasi, naye akatumia vipimo vya mwaka uliotangulia. Mvinyo ukawa mzito kama sharubati iliyoachwa juani, wote ukaishia kwa mtengeneza siki. Iliuma, na haikuacha kumuuma. Kuanzia hapo kila mwaka alibakiza pipa moja la mteremko wa juu bila kulichanganya, endapo angebadili mawazo. Wafanyakazi waliliita Pipa la Labda. Alilirudia mara sita kwa siku, akionja, akitema, akiguna, kisha huyo nje kutazama mawingu.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo, ambaye leo ni mjane wake. Hotuba zikiendelea aliona wingu la mvua ya mawe, akatoka mbio kwenda mteremkoni. Alirudi baada ya saa mbili, suti imelowa hadi magotini. Bibi harusi akamuuliza mbele ya wageni, "Hivi leo umenioa mimi au umeoa zabibu?"

"Mke ni wewe," akajibu. "Zabibu ni mawifi zako. Lazima wakusumbue."

Mkewe amewavumilia mawifi hao miaka arobaini na sita. Mungu aliwajalia mwana na binti, na binti akafuata kazi ya baba. Walibishana kila msimu. "Baba, bonde la sasa si lile ulilolijua, joto limezidi. Tulipunguze." "Na wewe bonde umelijua lini?"

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Matibabu yalimwondolea ladha yote kinywani, naye hakumwambia mtu, hata mkewe. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa ya joto kuliko hata ya 1994. Uchanganyaji ulipowadia aliendelea kuonja na kutikisa kichwa kama kawaida, ila bintiye akaingiwa na wasiwasi. Jumatatu tarehe 8 Aprili 2024 alimpa glasi mbili.

"Hii ya kwanza bonde limezidi," marehemu akasema. "Hii ya pili ndiyo yenyewe." Kisha, "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Baba, nimemimina kutoka jagi moja."

Akaziweka glasi zote mbili mezani. "Tangu Desemba naonja maji matupu, mwanangu. Naogopa tisini na nne isirudi." Akamkabidhi mrija wake wa kioo wa kuchotea mvinyo, ambao hakuwahi kumwazima mtu.

Binti alifanya kazi siku nane, akashusha sehemu ya bonde hadi theluthi ya mchanganyiko. Baba alikuwa mlangoni, nje, ndani, mlangoni tena. "Umepima? Pima tena." Siku ya nane binti alisema, "Bado unahitaji uchachu kidogo, Baba. Na mapipa ya mteremko yamekwisha."

"Lipo moja."

"Hilo ni lako. Ukibadili mawazo je?"

"Nimeshabadili. Changanya lote."

Kisha akaomba kiti. Watu waliofanya naye kazi miaka thelathini wakabaki wanatazamana, maana hakuna aliyejua kiti chake ni kipi.

Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 19 Aprili 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha mjane, mwana mmoja dereva wa lori, binti mmoja mchanganyaji mkuu wa mvinyo, wajukuu wanne na dada yake mkubwa.

Mzee wetu, mvinyo umekaa sawa, na hakuna pipa lililobaki la kukurudisha. Pumzika kwa amani.