Márton Halász, Aliyekataa Kumtema Isaac Tolliver (1963–2024)

Marehemu Márton Halász, ambaye mji mzima ulimwita Marty, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1963 katika mtaa wa Birmingham, mashariki mwa mji wa Toledo, Ohio. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu János Halász, fundi wa kiwanda cha kuyeyushia chuma, na marehemu Erzsébet. Nyuma yake alizaliwa mmoja tu, Ilona, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Klabu ya mpira aliyoifanyia kazi ilijitolea kuuandika. Familia ilijibu hapana, asante; walipopiga simu mara ya pili, ikajibu hapana bila asante.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari hapa hapa mashariki mwa mji, akahitimu shahada ya uhasibu mwaka 1985 na ya sheria mwaka 1989. Kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mpira mkononi na kuangushana, alijaribu mara moja, akiwa na miaka kumi na miwili na mwembamba kama ufito. Kocha alimpanga kwenye safu ya mbele, ya wanaowazuia wapinzani kwa miili yao. Watoto wa mtaa wa pili walimpitia juu kama zulia. Aliinuka na tope mdomoni, akamwambia kocha, "Hawa hawahitaji mtu wa kuwazuia, wanahitaji wakili." Baba yao alicheka njia nzima hadi nyumbani, na tangu siku hiyo hakumwita Márton tena, alimwita Wakili.

Mwezi Mei 1996 aliajiriwa na timu ya mpira wa Kimarekani ya mji huu, Toledo Kestrels, kusimamia kikomo cha mishahara. Ligi huziwekea timu zote kikomo kimoja cha fedha za kuwalipa wachezaji, na kila mwaka, katikati ya Machi, saa kumi jioni, timu isiyojibana chini yake huadhibiwa. Kwa hiyo msimu ulipokwisha na mashabiki wakaweka jezi kabatini, ndipo Marty alipoanza kazi: nani aongezewe mkataba, nani aombwe apokee malipo yake kwa mtindo mwingine, nani aachwe. Miaka ishirini na saba, ukiondoa siku za fungate, hakuona theluji ya Februari ila kupitia dirisha la ofisi.

Aliacha watu wengi, na hakujifanya malaika. Lakini hakumtuma karani, wala hakumwacha mtu asikie kwenye redio kwamba ameachwa. Alikwenda mwenyewe. Dewitt Crane, mchezaji wa zamani ambaye leo ni mmoja wa wanaobeba jeneza, anasimulia: "Alinifukuza kazi jikoni kwangu, akala pai ya mke wangu, akanitafutia timu nyingine kwa simu hapo hapo, akaondoka tunacheka. Mpaka kesho sielewi alifanyaje."

Tarehe 7 Februari 1998 alifunga ndoa na Judit Bakos, muuguzi wa shule, katika kanisa hili. Fungate lao lilikuwa Niagara. Asubuhi ya pili simu ya mkononi aliyopewa na ofisi ililia wakiwa kwenye chai. Judit aliichukua mezani, akafungua dirisha, akaitupa kwenye theluji, akaendelea kupaka siagi mkate. Marty aliisimulia hadithi hiyo kwa fahari kuliko mkataba wowote aliowahi kuuandika. Walijaliwa mabinti wawili, Zsófia na Klára.

Sasa tufike kwa Isaac Tolliver, maana bila yeye wasifu huu utakuwa uongo wa heshima.

Isaac, mzaliwa wa Alabama, ndiye aliyekuwa katikati ya safu ya mbele ya timu hii kwa misimu tisa. Mwezi Machi 2022 timu ilikuwa imezidi kikomo na muda unayoyoma. Marty alimwendea akamwomba akubali mshahara wake wa mwaka ule ugeuzwe bonasi, ili hesabu yake igawanywe katika miaka ya mbele. Timu ingepumua. Ubaya wake ni kwamba jina la Isaac lingeonekana ghali zaidi baadaye, na mchezaji ghali ndiye wa kwanza kutupwa.

"Watakuja kunitema kwa hesabu hii hii, Bwana Marty," Isaac alisema.

"Nikiwa hapo, hawatakutema kwa hiyo," Marty alijibu. "Wakiwa na sababu nyingine, nitakuja kukwambia mimi."

Isaac alitia sahihi. Timu ikaokoka.

Mwezi Desemba 2023 Isaac aliumia bega. Mwezi huo huo madaktari walimkuta Marty na saratani ya kongosho. Mwajiri alipewa taarifa zote mbili katika wiki moja, na familia imeona ni ipi iliyomshughulisha.

Mwezi Februari, meneja mkuu mpya, Crandall Voss, aliitisha kikao. Alimtaka mdakaji mmoja nyota, yaani mchezaji wa kukimbia mbele na kudaka pasi, na nafasi ya kumlipa haikuwepo.

"Tolliver atoke," alisema. "Hesabu yake inatumaliza."

"Inatumaliza kwa sababu mimi nilimwomba," Marty alisema. "Alitubeba. Na hatuhitaji kumwacha. Nimeshafika chini ya kikomo bila kumgusa. Njia ni hii hapa. Kinachokosekana ni pesa ya huyo mdakaji wako tu."

"Marty, hii ni biashara, si parokia."

"Parokiani pia tunadanganyana, Crandall, lakini angalau tunaungama."

Wapo watu wanne waliosikia maneno hayo. Wawili walimpigia Judit simu baadaye kusema Marty alikuwa na haki. Walinong'ona. Kikaoni hawakunong'ona wala kukohoa.

Jumatatu tarehe 11 Machi 2024 Marty alikuwa hospitali, dripu ya dawa ikiwa mkononi, runinga ikiwa ukutani. Kupitia runinga hiyo ndipo alipojua kwamba Isaac ametemwa. Kisha akatokea Voss mbele ya waandishi, amevaa tai ya rangi za klabu, akasema, "Uamuzi mgumu. Tulifuata ushauri wa Marty Halász, mtu wa hesabu zetu."

Marty alijaribu kuinuka na dripu yake. Judit alimkamata bega.

"Kaa chini, Márton! Ukianguka ngazini utakuwa umewafanyia kazi bure."

Alikaa. Akampigia Isaac, simu haikupokewa. Akapiga tena, akapokea mkewe, Renita.

"Mume wangu hataki kukusikia, Bwana Marty. Wala mimi sitaki. Ulikaa mezani kwetu ukala chakula chetu."

"Renita, si mimi."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Ilona alikuwepo. Kaka yake hakulia siku aliyoambiwa ana saratani. Siku ya simu hiyo alilia.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa ya Kwaresima, na kama kawaida ukumbi wa parokia ulijaa watu waliokuja kula samaki wa kukaanga, kwa kuwa Ijumaa hizo hatuli nyama. Marty alikuja akiwa na koti lililomzidi. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa kwenye foleni ameshika sahani. Marty alisimama mbele yake, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Andika. Sikushauri Tolliver aachwe. Nilikataa, na nikaonyesha njia nyingine. Crandall Voss anajua, na anadanganya."

Jumatatu klabu ilimfukuza kazi kwa kutoa siri za ofisi. Bima yake ya afya ilikoma mwisho wa mwezi. Judit alimwingiza kwenye bima yake ya shule, lakini daktari aliyekuwa akimtibu hakuwa akipokea bima hiyo, na Marty akabadilishiwa daktari katikati ya matibabu, kama mtu anayebadilisha basi. Miongoni mwetu wapo wanaosema angekufa tu hata hivyo. Inawezekana. Wasiyaseme mbele ya Judit.

Isaac alisoma gazeti. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Marty, akainama kupita mlango, akaketi kando ya kitanda kwenye kiti kidogo kilichomlalamikia.

"Wiki nzima nilitaka kuja kukuvunja shingo," alisema.

"Umechelewa, mwanangu. Kuna mwingine ameshaanza."

Walicheka mpaka Marty akakosa pumzi. Kisha Isaac akamshika mkono na hakuuacha hadi giza lilipoingia. Alirudi kila Jumanne, pamoja na Renita, ambaye aliomba radhi kwa machozi na kwa sufuria ya kuku.

Siku chache kabla ya mwisho, Padre Gellért alimuuliza kama amemsamehe Voss. Marty alimjibu.

"Mimi nimemsamehe, Padre. Ila Ilona simwezi."

Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 20 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, mkewe na mabinti zake wakiwa naye. Alikuwa na miaka sitini.

Jana mwenye klabu alileta shada la maua kubwa kuliko mlango wa kanisa. Judit alimwambia dereva alirudishe. Dereva akasema hana maagizo ya kulirudisha. Liko nje, kando ya mapipa ya taka, na mwenye shida nalo asione haya.

Marehemu ameacha mjane, Judit; mabinti, Zsófia na Klára; mkwe, Owen; mjukuu, János, wa miezi minne; dada, Ilona, na shemeji yake, Russell; pamoja na Isaac na Renita Tolliver, ambao Judit ameagiza waandikwe kwenye familia.

Mungu ampokee Márton na kumpa pumziko la amani, kwa kuwa alilifanyia kazi. Msamaha wake kwa Crandall Voss umetajwa hapa kama alivyotaka. Wa dada yake haujatolewa.