Gesi ya Benzi la Bibi Harusi

Kijiwe chetu cha Mafiga kina benchi moja la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa gereji, birika la Shukuru muuza kahawa, na watu watatu ambao hawajawahi kushindwa hoja kwa sababu hawajawahi kuisikiliza. Mzee Mosi anaitwa Mgeta, kwa miaka thelathini aliyoteremsha kabichi kwa lori kutoka Mgeta, huko milimani. Rogers anaitwa Wa Dar. Aliishi Dar miezi minne. Abdulatif ndiye Barafu, fundi friji ambaye siku hizi anajaza gesi hata AC za magari. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Benzi la marehemu babu yangu, la mwaka themanini na moja, lilikuwa limesimama mbele yao, boneti juu. Saa nane lilitakiwa limpeleke dada yangu Nasra kwa mumewe huko Mlali, vioo vyote vimepandishwa, maana kwetu bibi harusi haonekani njiani. Na ilikuwa Februari. Anayeijua Morogoro ya Februari haulizi AC ya nini.

— Shikamoo Mzee Mosi. Shikamoo kaka Abdulatif.

— Marahaba, mjukuu wangu, — akasema Mgeta. — Kaa unywe kahawa. Mgonjwa wako yuko kwa daktari.

— Sikai, babu. Fundi, vitu hivi hapa. Gesi ya 134, oili ya esta, draya mpya ya kunyonya unyevu, na oringi za mpira za kubadilisha kwenye maungio yote. Kama tulivyokubaliana.

Barafu akaipokea chupa ya oili kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

— Mdogo wangu, hii kompresa imelelewa na oili ile ya zamani miaka arobaini. Leo unataka kuibadilishia chakula uzeeni?

— Oili ile ilipatana na gesi ya zamani, na gesi ya zamani haiuzwi tena kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Gesi ya 134 haichanganyiki na oili hiyo. Itaiacha imelala kwenye mabomba, kompresa izunguke kavu mpaka ijisage. Esta inapatana na gesi mpya, na mabaki kidogo ya oili ya zamani inayavumilia.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, — akasema Mgeta.

— Babu, mbachao huo ndio utakaoua kompresa.

— Sista, — Wa Dar akaingia, — kule Dar hatujitesi hivyo. Tunatia oili ya breki. Oili ni oili, mradi inateleza.

— Oili ya breki inakula mipira, Rogers.

— Mipira ya Morogoro hiyo.

Wakacheka wote. Mgeta akangoja kicheko kipoe.

— Mimi lori langu nilitia mafuta ya nazi.

— Lori lako lilikuwa na AC?

— Kwenye bawaba za mlango. Halikulia tena mpaka nakuja kuliuza. Sasa kitu kilichonyamazisha mlango wa lori kitashindwa na kikompresa? Mchagua jembe si mkulima, binti.

Chuoni, nikibwabwaja kwenye mdahalo, kuna mtu upande wa pili amepewa dakika tatu za kuniumbua, na kengele inalia. Kijiweni hakuna kengele. Kijiweni anayechekesha ndiye ameshinda, na hoja ya msichana inachekwa kabla haijatua.

— Fundi, muda unakwenda. Kuosha mabomba peke yake ni saa nzima. Ufunge draya na oringi, uvute hewa yote kwa mashine, ndipo ujaze. Na usifuate uzito wa kwenye kibandiko, ule ni wa gesi ya zamani. Hii inaingia pungufu, kama sehemu nane kwa kumi. Mbona huanzi?

Barafu akalitazama birika.

— Nakuuliza, kaka. Mbona huanzi?

— Nilishamaliza. Tangu saa moja.

— Umemaliza nini, wakati gesi ninayo mimi?

Wa Dar akakohoa. Nikazunguka gari. Nyuma ya gurudumu la mbele, mahali ambapo kutoka benchini hapaonekani, kulikuwa na mtungi mdogo wa gesi ya kupikia. Mpira wake ulikuwa bado umeungwa kwenye geji ya fundi.

— Umetia gesi ya jikoni.

— Inapatana na oili ya zamani! — Barafu akasimama. — Haitaki kuosha mabomba, haitaki esta yako. Si umesema mwenyewe gesi lazima ipatane na oili? Basi nimefuata hoja yako.

Kilichoniuma ni kwamba hapo alikuwa anasema kweli.

— Inapatana, na inawaka! Bomba linalopoza hewa liko ndani ya dashibodi. Likivuja, linavujia mapajani kwa abiria. Vioo juu, na dada yangu yumo humo!

— Haivuji.

— Mipira ina miaka arobaini. Mipya ninayo mimi mkononi!

— Dawa ya moto ni moto, — akasema Mgeta, akanywa kahawa yake kwa utulivu.

— Kule Dar magari kibao yanatembelea hiyo hiyo, — Wa Dar akasema.

— Taja moja. Namba ya gari, mtaa, mwenye gari.

— Sasa namba nitaikumbuka vipi?

Barafu hakubishana. Aliingia kwenye gari, akawasha injini, akafungulia AC.

— Njoo. Weka mkono.

Nikaweka. Jamani, ilikuwa inapoza. Ilikuwa baridi ya Mgeta alfajiri, ile inayomfanya mtu atafute sweta.

— Haya, mwanachuo, — Barafu akasema. — Lete hoja.

Nikainamisha pua kwenye tundu la hewa. Nilisikia, au nilidhani nasikia, kile kiharufu cha jikoni.

— Rogers, njoo unuse.

Wa Dar akaingiza kichwa, akakitoa upesi.

— Nasikia kahawa, — akasema. Lakini hakurudi benchini. Alisogea akasimama kwenye mlango wa gereji.

Hapo ndipo shangazi yangu mkubwa alipotokea kwenye kona. Nyumba yetu ni ya nne kutoka kijiweni, alikuja kwa miguu, taratibu, kwa kanga mpya za harusi. Mikononi alikuwa na chetezo cha udongo. Makaa yalikuwa mekundu, udi unafuka.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, shikamoo, — wakaitikia mmoja mmoja.

— Marahaba. Maashallah, gari limetakata. Linapoza?

— Linapoza, mama, — akasema Barafu kutoka kwenye usukani. Sauti ilikuwa imepungua.

— Alhamdulillahi. Basi nielekezeni mapema, nisije nikasumbua watu baadaye. Udi haupaswi kuzimika mpaka mwali aingie kwake. Nikae na chetezo changu mbele, au nyuma pamoja na mwali?

Barafu akayatazama makaa. Akamtazama Wa Dar. Wa Dar alikuwa anatazama barabara. Mgeta, mwenye methali ya kila ugonjwa, aliinuka benchini, kikombe mkononi. Shukuru akashusha birika chini.

— Si nauliza nyie? — Shangazi akapiga hatua nyingine. — Mbele, au nyuma?

Nilijikuta nimesimama kati yake na Benzi, mikono nimeitandaza. Nyuma yangu injini ikazimwa. Nikageuka, nikamwona Barafu anavuka kiti cha abiria kwa magoti, anatokea mlango wa upande wa pili, ule ulio mbali na shangazi.