Nusu ya Nusu: Safari ya Bwana Kipimo

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Bwana Kipimo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa. Shuleni alipenda fizikia kupita kiasi. Dada yake anakumbuka alivyofungua redio ya baba yao, akaifunga, akabaki na skrubu tatu mkononi. Alipata stashahada mwaka 1981.

Kwa miaka thelathini na sita aliandaa dawa za mionzi katika hospitali ya rufaa. Mgonjwa akiogopa, alimweleza taratibu: "Radionuklidi ni atomi ambayo kiini chake hakijatulia. Inatoa mionzi mpaka itulie. Sisi tunaituma kazini, basi."

Tarehe 4 Agosti 1984 alimwoa mshonaji wa mtaani kwao, wakajaliwa watoto wawili.

Aprili mwaka huu alipatikana na saratani ya tezi ya shingo. Juni 3 akameza kidonge kilekile cha iodini alichowapa wengine, akajitenga chumba cha wageni na kubandika kalenda mlangoni: kila siku nane, mionzi inapungua nusu. Baada ya wiki tatu daktari alimruhusu kutoka. Mkewe alikuwa ameshapiga hesabu zake.

"Nusu ya nusu bado ni kitu, mume wangu. Haiishi hiyo!"

"We mama watoto, hata ndizi ina mionzi," akacheka.

Mkewe hakucheka. Usingizi ulimpaa. Aliendelea kumwekea chakula mlangoni na kuosha sahani yake kwa glavu. Marehemu hakumlazimisha. Septemba 19 moyo wake ulisimama ghafla, angali chumba cha wageni.

Jana majirani walinong'ona: nani atabeba jeneza? Mwanafunzi wake wa zamani, sasa mkuu wa kitengo, akaja na kipimo cha mionzi. Akapima ukuta, akapima mwili, kisha akampima mjane.

"Vipimo vyote ni sawasawa, Mama. Ukuta, yeye, wewe."

"Ningeweza kumshika tangu lini?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Tangu siku ile daktari alipomruhusu."

Mjane alilia, jamani, mpaka sauti ikakauka. Leo asubuhi amemfunga mumewe tai kwa mikono mitupu, na ameomba haya yasomwe mbele yenu, asije mgonjwa mwingine akaachwa peke yake bure.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na dada yake. Pumzika kwa amani, Bwana Kipimo. Mkeo anasema mlango uko wazi.