Mama Margareta, Aliyetufundisha Kumpokea Mtoto Bila Kuleta Ukoo Mzima

Baada ya miaka kumi na sita ya kutafsiri, kupatanisha na kutukemea kwa upole, Mama Margareta Kwizera anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Ofisi yetu ya huduma za familia hapa Louisville imeniomba mimi, Jovini, dereva wa ofisi, niandike wasifu wake. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu hakuna mfanyakazi mwenzake aliyemsumbua kuliko mimi.

Alifika Marekani akitokea kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, akaanza kwa kufunga maboksi kwenye ghala moja la Okolona, hapa hapa Louisville. Kila bosi alipopaza sauti, wenzake walimkimbilia awatafsirie. Ofisi ikasikia sifa zake, ikamchukua. Tangu hapo amewahudumia wazazi walioachana ambao watoto wao wanaishi majimbo mengine, na sehemu ngumu ya kazi hiyo imekuwa kuwaelewesha wanaume wanaojua kila kitu.

Mimi ni mmoja wao. Tulipoachana, Nsimire alihamia kwa dada zake East Side, Buffalo, jimbo la New York, pamoja na binti yetu Gracieuse. Mwaka ukapita, nami nikawa natamba kwamba jaji wa Louisville atanirudishia mtoto, kwa kuwa mahari nilitoa na wazee ni mashahidi. Mama Margareta akanieleza, kwa subira nisiyoistahili, kwamba kesi ya namna hii husikilizwa jimbo ambako mtoto ameishi kwa miezi sita au zaidi, na kwamba jaji wa huko hatauliza habari za mahari. Akanitafutia wakili Buffalo. Nikapata haki ya kukaa na binti yangu wikiendi moja kila mwezi, tukikabidhiana njiani, Gahanna, pembeni ya Columbus, Ohio, Mama Margareta akiwepo.

Mtu mwenye akili angeshukuru, akaenda zake. Mimi nikafuata desturi. Kwetu Warundi huendi kwa wakwe peke yako, wala mikono mitupu. Basi mara ya kwanza niliteremka kwenye maegesho ya kanisa moja la Gahanna nikiwa na baba wadogo sita waliovaa suti, makreti ya Fanta, na Mzee Sylveri aliyeandaa hotuba. Nilijiona mstaarabu kweli kweli. Nsimire aliona genge lililokuja kumnyang'anya mtoto. Akafunga milango ya gari, akashika simu apige polisi. Polisi wangefika, jaji angesikia, na huenda Gracieuse ningebaki kumwona kwenye simu tu.

Mama Margareta aliwarudisha wazee wote garini, Mzee Sylveri akiwa bado kwenye salamu za utangulizi. Hakuna aliyethubutu kubisha. Kisha akaenda kwenye dirisha la Nsimire. Nsimire, mtu wa Bukavu, Kongo, akashusha kioo kidogo, akauliza kwa sauti iliyotufikia sote: "Bon, mulikuja kuona mutoto ao mulikuja kuoa?"

Mama Margareta alicheka mpaka akaegemea gari. Nsimire naye kicheko kikamshinda, simu ikarudi mkobani. Nikaitwa peke yangu, bila koti wala hotuba, nikamkumbatia mwanangu. Mzee Sylveri alinuna hadi Louisville.

Tangu siku hiyo Mama Margareta hajakosa safari hata moja. Mimi na Nsimire tulisalimiana kupitia kwake, kama mabalozi wa nchi zilizogombana. Mwezi uliopita alibaki garini makusudi, akajifanya amesinzia. Nikamwuliza Nsimire habari za njiani. Akasema nzuri, akaniuliza kama mgongo bado unanisumbua. Gracieuse alitutazama kwa zamu, kisha akauliza kwa Kiingereza chake iwapo muda wote huo tulikuwa tunaweza kuongea.

Mama Margareta, swali la mwanangu lilinitia haya, na nilistahili. Asante kwa kutufikisha kwenye swali hilo. Sisi wenzako tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu zetu, na wajukuu tele nyumbani. Jumamosi ijayo naenda Gahanna bila wewe, na mimi mwenyewe nitamsalimu Nsimire.